Wadudu wa Kisiginoni Mwangu

Kama bandeji yako imeanza kugeuka kijani, usingoje umalize kusoma ukurasa huu. Nenda hospitali sasa hivi, maneno haya utayakuta. Mimi nilingoja. Nilingoja tangu masika mpaka vuli, na nilikuwa mtu wa dawa, mwenye koti jeupe na duka langu mwenyewe Tandika. Kwa hiyo usiniambie kwamba unajua unachokifanya. Mimi pia nilijua.

Naandika kwa sababu siku zile nilizokaa kwenye benchi la wagonjwa wa mifupa nilitamani mtu mmoja tu aliyewahi kulikalia aniambie yaliyomkuta. Sikumpata. Waliokuwepo walikuwa wagonjwa wenzangu, na wao walikuwa wakisogea taratibu upande wa pili kwa ajili ya harufu ya mguu wangu. Siwalaumu. Ningekuwa na pa kusogea, hata mimi ningesogea.

Jina langu Hadija, mtaani Mama Ashura. Kabla ya duka nilikuwa msaidizi katika famasi ya shirika moja la umma. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakaanza kutupunguza kazini, fungu kwa fungu, na mimi nikaangukia fungu la pili. Lakini miaka hiyohiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka binafsi ya dawa yalikuwa yakiota kila kona. Mume wangu Hamisi, ambaye alikuwa dereva wa winchi bandarini, akapanua dirisha la chumba chetu cha mbele, akapigilia mbao za kupangia dawa, nami nikaanza. Haukupita mwezi watu wa mtaa wakawa wananiita dokta. Sikuwakataza.

Dawa zilikuja kwenye makopo makubwa, tukizihesabu kwa kijiko na kuziuza mbili mbili, nne nne, kadiri mtu anavyotaka. Chini ya kila kopo hubaki kapsuli zilizopasuka au kubonyea, ambazo mteja akiziona anakunja uso. Hizo nilizikusanya kwenye chupa moja ya jemu, za aina zote pamoja, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya nyumba yetu. Mtu akikohoa, chupa. Akiharisha, chupa. Akijikata, tunafungua kapsuli, tunamwaga unga wake kwenye kidonda, tunafunga kitambaa. Karibu kila mwenye duka niliyemjua alikuwa na chupa kama ile. Kutupa dawa tuliona ni dhambi.

Masika yale maji yalijaa uani kwetu. Nilitoka na kandambili kuokota ndoo iliyokuwa ikielea, nikakanyaga ubao wenye msumari. Msumari ukapita kwenye kandambili, ukazama kisiginoni. Hamisi aliuchomoa kwa koleo huku nimemng'ata bega. Sindano ya pepopunda nilikwenda kuchoma, sikuwa mjinga kiasi hicho. Kisha nikarudi nyumbani, nikafungua kapsuli mbili za tetrasaiklini, ambazo mtaani tuliziita rangi mbili, nikamwaga unga wa njano kwenye tundu. Nikameza mbili nyingine. Kesho yake mbili. Siku ya tatu maumivu yakapoa, nikaacha.

Baada ya wiki mbili yakarudi. Nikamwaga unga, nikameza siku mbili, yakapoa, nikaacha. Hivyo ndivyo mwezi wa nne ulivyonipita, na wa tano, na wa sita. Rangi mbili ilipoacha kunisaidia nikahamia kapsuli nyingine, hizo nazo zikanichoka. Kipupwe kilipokuwa kikiisha wakala mmoja aliniletea dawa ngeni iliyokuwa ikisifiwa mjini, sipro, na nilipoimeza siku tatu kisigino kikanywea kabisa. Nilicheza mduara jikoni, haki ya Mungu. Nikaiacha siku ya nne, maana niliona nimepona, na vidonge vilivyobaki nikavirudisha dukani wapate wengine.

Wiki ya tatu nilipofungua kitambaa nikakuta kijani. Si ule ubichi wa majani, ni kijani cha samawati, kinachong'aa kidogo, na harufu yake ilikuwa tamu, na utamu huo ndio uliokuwa ukichefua. Nilikaa sakafuni nikiwa nimekishika kile kitambaa. Nilikuwa nimeona vidonda vingi dirishani kwangu, na vyote niliviuzia dawa bila kutetemeka. Siku hiyo nilitetemeka.

"Mama Ashura, hii si ya dukani tena," Hamisi akasema. Ni mtu wa maneno machache, na akisema anataka liishe.

"Na wewe umekuwa dokta?" nikamjibu.

"Mie si dokta. Mie nanusa tu."

Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu homa ikanipanda, nikaanza kuongea na marehemu mama yangu nikidhani yumo jikoni, na Hamisi hakuniuliza tena. Alinibeba mpaka hospitali.

Picha ya eksrei niliiona mwenyewe. Daktari wa mifupa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, na mfupa wangu wa kisigino ulikuwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye lafudhi ya kusini, na alikuwa na tabia ya kusogeza kiti mpaka magoti yenu yakaribie kugusana, ndipo aseme. Nilikuja kuishukuru tabia ile, na baadaye nikaja kuitumia vibaya.

"Mama, mfupa umeoza sehemu," akasema. "Nitaukwangua. Lakini nikiukwangua bila kupata dawa ya kumuua huyu mdudu aliyemo, utarudi. Na ukirudi sitakwangua tena."

"Utafanyaje?"

Aliweka ubavu wa kiganja chake chini ya goti langu, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

Akaniuliza nimeshatumia dawa gani. Nikamtajia. Alikuwa akiandika, na nilipofika ya nne akaiweka kalamu chini akaniangalia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alinikamua usaha kwenye kichupa, akasema utaoteshwa kwenye maabara moja binafsi Mikocheni ili ijulikane ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi. Niliambiwa nisubiri majibu nyumbani. Siku nne zile sikulala wala sikuwa macho. Nilikuwa nautazama mguu wangu, ukucha mmoja mmoja. Nina kidole kidogo kilichopinda tangu utotoni, nilikuwa nakionea haya kwenye viatu vya wazi. Siku zile nilikuwa nakishika mkononi na kulia.

Siku ya majibu nilimlazimisha Hamisi anipeleke Mikocheni mwenyewe. Nilitaka kuongea na mtu wa maabara kama mtu wa dawa kwa mtu wa dawa. Kiburi kilikuwa bado kimo. Mtaalamu wenyewe aliitwa Mathei, mdogo kwangu kidogo, mzaliwa wa Masasi, miwani imefungwa kwa uzi. Aliona ninavyochechemea akaniletea kiti yeye mwenyewe, kisha akaniwekea mbele kisahani cha plastiki chenye mfuniko.

"Shikamoo mama. Huyu ndiye mgeni wako," akasema.

Kisahani kizima kilikuwa kimefunikwa na utando wa kijani. Juu yake kulikuwa na vijikaratasi sita vya duara, vidogo kama vifungo vya shati. Mathei akaeleza kwamba kila kijikaratasi kimeloweshwa dawa moja. Pale dawa inapoua, wadudu hawaoti, kwa hiyo kijikaratasi huzungukwa na duara safi. Nikaangalia. Cha kwanza, utando umekifikia mpaka ukingoni. Cha pili, vilevile. Cha tatu ilikuwa sipro, na wadudu walikuwa wameota mpaka kukigusa, bila hofu yoyote. Cha nne. Cha tano. Vyote vimefunikwa.

"Dawa haziingii?" nikauliza. "Ngozi yake ngumu?"

"Zinaingia mama. Hiyo ndiyo ishu. Zinaingia halafu anazitema."

Akachukua karatasi, akachora. Sipendi kukuchosha na mambo ya kitaalamu, msomaji, lakini hili nililichukua kitandani nikalala nalo miezi mingi, kwa hiyo vumilia kidogo.

Mdudu huyu, alisema Mathei, ana kuta mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake kuna nafasi. Ndani ya kuta hizo anajijengea pampu za protini. Kila pampu ina sehemu tatu. Moja inakaa kwenye ukuta wa ndani, na hiyo ndiyo inayoikamata dawa. Nyingine ni bomba, linakaa kwenye ukuta wa nje. Ya tatu inasimama katikati na kuziunganisha hizo mbili. Kila sehemu hutengenezwa peke yake, inakwenda kukaa mahali pake, kisha zinakutana na kufungamana. Ikikosekana moja, hakuna pampu. Zikikamilika, kuna njia moja kutoka ndani mpaka nje kabisa, na dawa inasukumwa humo kabla haijafanya kazi yoyote.

"Dawa gani anayoitema?" nikauliza.

"Hachagui. Pampu ileile inatema rangi mbili, inatema sipro, inatema na ambazo hajawahi kukutana nazo. Yeye anachojua ni kwamba kuna kitu kigeni, toa."

"Nani kamfundisha?"

Mathei alivua miwani akaipangusa. Nadhani alikuwa akitafuta namna ya kulisema kwa heshima. "Hakufundishwa, mama. Wapo wachache tu tangu mwanzo wenye pampu nyingi kuliko wenzao. Ukimwaga dawa kidogo, wasio na pampu wanakufa, hawa wanabaki, wanazaana, nafasi yote yao. Ukimwaga tena kidogo, hivyohivyo. Umekuwa ukiwachagua."

Miezi saba nilikuwa nawachagua. Kwa unga wa njano, kwa mkono wangu, na bismillahi juu.

Miaka ya baadaye nilimtembelea tena Mathei, akaniambia wataalamu sasa wameiona ile sehemu ya ndani vizuri zaidi. Nayo ni vipande vitatu vinavyofanana vilivyokaa kwa duara, na vinapokezana: kimoja kinafungua kuipokea dawa, cha pili kinaibana, cha tatu kinaisukuma kwenda kwenye bomba, kisha zamu zinahama. Nikamwambia hao ni wanawake watatu kwenye kinu kimoja, mmoja anainua mchi, mmoja anatua, wa tatu yuko njiani. Alifurahi sana. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza wale wanawake walivyotwanga kisiginoni mwangu kipupwe chote bila kupumzika, huku mimi nikiwauzia majirani dawa mbili mbili.

Lakini siku ile ya kisahani nilikuwa bado sijaangalia kijikaratasi cha sita. Mathei alinigeuzia kisahani. Kijikaratasi hicho kilikuwa na duara safi, jembamba, unaweza kulifunika kwa ukucha.

"Hii ni jenta, jentamaisini ya sindano," akasema. "Pampu zake hii hazijaiweza. Bado."

Ile "bado" yake ilinitoa jasho.

Nililazwa juma lililofuata, vuli imeanza kunyesha. Kabla ya upasuaji kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi, na hapo ndipo mimi na Hamisi tulipogombana mbele ya watu. Yeye alitaka mguu ukatwe moja kwa moja, yaishe.

"Mie nimeiona picha," alisema. "Nimekusikia unaongea na maiti. Bora mke wa mguu mmoja kuliko kaburi la miguu miwili."

"Mguu wako huo?"

"Hadija."

"Nimeuliza, wako?"

Akatoka nje. Siku tano hakuongea nami zaidi ya salamu, ingawa kila jioni alikuja na chakula, akanisubiri nimalize, akabeba vyombo. Ashura wetu, aliyekuwa darasa la nne, alipelekwa kwa bibi yake mzaa baba. Nyumba ikafungwa, duka likafungwa. Nilikuwa nalala nikiogopa mambo mawili kwa zamu, kufa na kukatwa, na kila nikichoka kuogopa moja nilianza la pili.

Daktari alikwangua. Niliamka na shimo kisiginoni ambalo kidole gumba kingeingia, limejazwa shashi. Ndipo sindano zikaanza. Zilipangwa siku ishirini na nane, na daktari alisogeza kiti kama kawaida yake akanieleza kitu kimoja kwa uzito.

"Jenta ni rafiki mkali. Inaweza kuharibu figo, ndiyo maana tunapima mkojo wako. Na inaweza kuharibu masikio. Ukisikia mlio, au ukiona dunia inayumba, uniambie siku hiyohiyo. Nitaisimamisha, maana masikio yakienda hayarudi."

"Ukiisimamisha, mguu?"

"Tutakata," akasema. "Na utaishi."

Rehema ndogondogo zilikuwepo, nisiwe mwizi wa fadhila. Nesi mmoja alikuwa akiipasha ile dawa kwenye kiganja chake kabla ya kunichoma ili isiume sana. Mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga, alinipa khanga yake nijifunike uso wakati wa kusafishwa kidonda, akasema, "Piga kelele humo, mie sitasikia." Na dada yangu mkubwa, Mwanaidi, alikuwa akivuka na pantoni kila siku kutoka Kigamboni na uji wa mchele kwenye chupa ya chai. Mwanaidi ana sauti ya kuitia watu ng'ambo. Wodi nzima ilijua akifika.

Sindano ya saba, shashi ikatoka na kijani kidogo. Ya nane, kidogo kuliko hicho. Sindano ya tisa, shashi ikatoka nyeupe, na nesi akaipandisha juu kuwaonyesha wenzake. Nililia kwa furaha. Na jioni ya siku hiyo, wodi ilipotulia, nikasikia jenereta. Ilikuwa mbali, inanguruma kwa sauti nyembamba. Nikamuuliza mama wa nyonga, umeme umekatika wapi? Akasema umeme haujakatika, na hakuna jenereta.

Nilijifunika shuka mpaka kichwani nikabaki nasikiliza. Haikuwa nje.

Asubuhi daktari alisogeza kiti. "Masikio yanalia?"

"Hayalii."

"Kizunguzungu?"

"Hapana, dokta."

Ndivyo nilivyosema, na sisemi nilifanya vizuri. Nilijua dawa kuliko kila mtu wodini mle ukimtoa yeye, na nilijua maana ya nilichokuwa nakifanya. Lakini nilikuwa nimeiona shashi nyeupe. Sindano ya kumi na moja sakafu ilianza kuyumba nikienda chooni na magongo, nikawa najiegemeza ukutani, nawaambia watu ni njaa. Ya kumi na nne, sauti za wodi zikaanza kurudi nyuma, kama watu wanaohamia chumba cha pili. Ya kumi na saba, sikio la kushoto likazima. Kila asubuhi kiti kikasogezwa, kila asubuhi swali lilelile, na kwa kuwa alinisogelea na kuniangalia usoni, nilimsoma mdomo, nikajibu sawasawa. Moyo ulikuwa ukinidunda mpaka nikadhani ataugundua kwenye shingo.

Mwanaidi ndiye aliyenikamata. Alifika siku moja nimeelekea ukutani, akasimama nyuma yangu. Baadaye aliniambia aliniita mara tatu, kwa sauti ile yake. Nilistuka aliponigusa, nikageuka, nikamkuta uso umebadilika.

Alikaa kitandani karibu kabisa. "Tangu lini?"

Nikamwonyesha kwa vidole.

"Mwenyezi Mungu! Na wamwambia nini huyo daktari?"

"Namwambia hayalii."

"Kwa hiyo umeamua, masikio umeyapa talaka?"

"Dada, nakuomba. Kwa haki ya mama. Zimebaki kumi tu."

"Kumi nyingi, Hadija! We waona raha kuwa kiziwi? Hujasikia hata mimi nilivyoingia, na mie nilivyoingia kasikia kila mtu."

"Nikimwambia anakata kesho."

Alifungua chupa ya uji, akamimina, uji ukamwagika kwenye shuka. Hakusema kwa daktari, hakusema kwa Hamisi. Lakini tangu siku hiyo hakunitania tena, na alikuwa akija anakaa upande wa kulia, upande uliobaki. Nilimtwisha mzigo ambao haukuwa wake. Akiamka usiku Kigamboni, alikuja kuniambia, alikuwa akijiuliza kama ananisaidia au ananiua kidogo kidogo.

Na mimi usiku nilikuwa nawaona wateja. Mama wa maandazi niliyemuuzia nne kwa kikohozi cha mwanawe. Fundi baiskeli aliyeniomba "zile za njano" za kumwaga kwenye jipu. Niliwaona mmoja mmoja wakirudi makwao na wadudu wao, wenye pampu na wasio na pampu, na mimi nimewapa kitu cha kuwachagulia. Sikujua wako wapi. Sijui mpaka leo.

Sindano ya ishirini na nane ilichomwa siku ya mvua ndogo. Nilitoka hospitali nina miguu miwili. Nyumbani Hamisi alikuwa amenitengenezea kigoda cha kuegesha kisigino, akakiweka mbele ya kiti changu na kurudi kwenye shughuli zake. Nikajua tumepatana. Nilimweleza kwamba sikio moja limekuwa zito kwa sababu ya homa zile, na yeye akaamini, au alinionyesha anaamini. Shimo likaanza kujaa nyama nyekundu, safi. Kiangazi kikaingia. Nilijifunza kukanyaga kwanza kwa vidole, kisha kwa ukingo wa mguu, kisha kisigino chenyewe, sekunde moja, sekunde mbili. Ashura alirudi nyumbani. Sauti yake niliisikia mithili ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, lakini niliisikia, kama akisimama mbele yangu.

Kliniki ya mwisho tulikwenda wote watatu, mimi, Hamisi na Mwanaidi. Daktari aliiinua picha mpya dirishani, akaigonga kwa ukucha, akatabasamu. Mfupa ulikuwa umefunga. Alinisogelea kwa kiti chake akasema, "Sasa nataka nikuone ukitembea, mama. Acha gongo. Nenda mpaka mlangoni, urudi."

Nilisimama. Nilikuwa naogopa kiasi cha kutokwa na jasho kwenye nyayo. Hatua ya kwanza, kisigino kikagusa sakafu, hakikuuma. Ya pili. Nilikuwa nawapa wote kisogo, naangalia mbele tu, na kila hatua nilikuwa nahesabu kama nilivyohesabu sindano. Nikafika mlangoni. Ulikuwa wazi, na mbele yake kulikuwa na korido ndefu yenye yale mabenchi pande zote, watu wamekaa wameinua miguu yao iliyofungwa. Nikaona mwanamke mmoja ananiangalia ninavyotembea, akampiga kikumbo mwenzake aniangalie na yeye. Nikajiambia, waache waone. Nikaendelea. Nilitembea korido nzima, sina gongo, sina mtu, kichwa juu, nikipita ubavuni mwa watu ambao miezi michache nyuma walinikwepa kwa harufu, na nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu.

Mkono ukanikamata bega. Alikuwa Hamisi, anahema, amekimbia. Nikageuka nikicheka, nikitegemea na yeye acheke.

Hakuwa anacheka. Nyuma yake, kule mlangoni, daktari alikuwa amesimama na picha yangu mkononi, nesi kando yake, na Mwanaidi ameziba uso kwa khanga. Watu wote wa kwenye mabenchi walikuwa wameelekea kwangu. Nikaelewa kwamba walikuwa wakiniita tangu nilipovuka mlango, wote, na Mwanaidi kwa sauti yake ile.

Daktari alikuja mpaka mbele yangu. Hakuwa na kiti cha kusogeza, kwa hiyo aliinama kidogo. "Tangu lini?" akauliza, na mdomo wake niliusoma vizuri.

"Sindano ya tisa," nikasema.

Akatazama chini, miguu yangu miwili juu ya sakafu ile, akaitazama muda mrefu sana. "Ningeisimamisha," akasema.

"Najua."

Hamisi alikuwa bado amenishika bega. Alitutazama, mimi na daktari, kisha akamgeukia Mwanaidi aliyekuwa akilia, akaelewa kwamba na yeye alijua. Akaniachia. Akageuza uso upande wa ukuta, akasema kitu. Niliona taya zake zikienda. Sikusikia alichosema, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza.